Hamnyang'anyi Jembe

Asubuhi shuleni kwetu Naipingo tunafagia uwanja, tunamwagilia bustani, tunakwenda mstarini, kisha tunaingia darasani. Mwalimu Dafrosa, anayetufundisha hesabu darasa la sita, akisema, "Kaeni kwenye vikundi," mimi nilijua kazi yangu: kushika kamba, kufuta meza au kufuata maji. Kufikiri ilikuwa kazi ya Mbaruku.

Kikundi chetu kina watu wanne: Mbaruku kiongozi, Yasmini, Nicholaus na mimi, Tunu. Ni kweli Mbaruku anaziweza hesabu. Lakini akishika kalamu anaizungushia karatasi mkono mzima, utadhani tunataka kumwibia ugali wake. Ukimuuliza kitu anajibu, "Subiri kwanza, tutachelewa." Nilisubiri muhula mzima, na mtihani ulikuwa Jumatatu. Kwenye mtihani hakuna kikundi.

Siku hiyo tulitumwa kutafuta eneo la bustani ya mchicha.

"Tunu, shika kamba. Yasmini, vuta mpaka mwisho. Nicholaus, usikanyage mchicha," aliamuru Mbaruku. Akaandika peke yake, akakimbia darasani. "Tumemaliza, mwalimu! Mita za mraba arobaini!"

"Kikundi cha Mbaruku kimekuwa cha kwanza tena," alisema mwalimu. "Wapigieni makofi."

Kikundi cha Mbaruku! Makofi yale yaliniuma kuliko fimbo. Nikasimama.

"Mwalimu, mimi nisipigiwe makofi. Sijui hiyo arobaini imetoka wapi."

Darasa likacheka. "Unatuaibisha!" alininong'oneza Mbaruku kwa ukali.

Mwalimu hakucheka. Alimuuliza Nicholaus, naye akasema yeye alikwepa mchicha tu. Alimuuliza Yasmini.

"Mimi nilivuta kamba tu, mwalimu."

"Hawa wanachelewesha," Mbaruku alijitetea. "Mimi nawasaidia."

"Unatusaidia?" Hasira zilinipanda. "Nyumbani tukipalilia ufuta, kila mtu ana mstari wake. Anayemaliza kwanza anazunguka upande wa pili, anampokea aliyebaki nyuma, wanakutana katikati. Hamnyang'anyi jembe! Wewe umetunyang'anya jembe muhula mzima, halafu unasema sisi ndio wazito!"



"Kosa ni langu pia," alisema Mwalimu Dafrosa taratibu. "Nilitazama nani amemaliza, sikutazama nani ameelewa. Rudini bustanini. Kalamu ashike Tunu. Mbaruku, leo utatumia mdomo tu, mikono nyuma. Mkirudi nitamwita yeyote nimtakaye, na alama zake zitakuwa alama za kikundi kizima."

Mbaruku alinuna njia nzima. "Zidisha urefu kwa upana," alisema.

"Kwa nini?"

"Si ndiyo kanuni!"

"Kwa nini lakini?"

Akairudia kanuni ileile. Kumbe hata yeye alikuwa amekariri tu! Nicholaus akaokota kijiti, akachora bustani mchangani na kuigawa visanduku, kila kimoja mita moja kila upande. Yasmini akahesabu: vinane kwa mstari, mistari mitano.

"Nane mara tano!" nikapiga kelele.

"Ala!" alisema Mbaruku, akasahau kununa. "Kumbe ndiyo maana tunazidisha."

Darasani mwalimu aliniita mimi. Nilichora visanduku ubaoni, nikaeleza mpaka mwisho bila kumtazama mtu. Safari hii makofi niliyapokea, maana yalikuwa yangu.

"Mmeona?" alisema mwalimu. "Kikundi si mtu mmoja anayelima na wengine wanaotazama. Ukijua, mpokee mwenzako, usimnyang'anye jembe. Na usipojua, sema hujui, kama Tunu alivyosema. Anayenyamaza anabaki na magugu yake."

Kesho yake tulitumwa kupima uwanja wa mpira. Mbaruku, kwa mazoea, akanyoosha mkono kuchukua kalamu. Nikamtia ncha ya kamba kiganjani.

"Vuta mpaka mwisho," nikamwambia. "Leo kalamu ni zamu ya Yasmini."

Akaivuta.