Mpangaji Kutoka Lubumbashi

Kila asubuhi kabla ya shule, Kadidja alifagia uwanja wa nyumba yao huko Mangobo, mtaa wa mji wa Kisangani, akateka maji, akaosha sufuria za jana, kisha akampelekea baba yake chai kibarazani. Tangu mama yake afariki, kazi hizo zilikuwa zake. Saa hiyo baba yake, Papa Amuri, fundi wa kushona nguo, alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, mguu kwenye kanyagio na mdomo kwenye serikali.

"Barabara iko mashimo matupu," alisema huku sindano ikienda. "Na hospitali? Mama yako alilala pale bila hata kidonge. Dawa ziliuzwa. Nani aliziuza? Wakubwa. Bon, mimi ninyamaze?"

"Papa, watu wanasikia."

"Kusikia ndiyo kazi yao. Serikali hii, mikono ya kutengeneza barabara haina. Masikio inayo mengi."

Alisema hivyo, lakini sauti aliishusha. Miaka ile Zaire ilikuwa na chama kimoja tu, na kila mtaa ulijua habari ya mtu aliyeropoka leo, kesho akaitwa, na aliporudi hakuropoka tena. Kwa hiyo Papa Amuri aliwatukana wakubwa mbele ya binti yake. Akipita mtu asiyemjua vizuri, alizungumzia mvua.

Shida ni kwamba sasa mtu asiyemjua vizuri alikuwa analala uani kwake. Chumba cha nyuma alikuwa amekipangisha kwa Mama Delphine na binti yake Delphine, waliotoka Lubumbashi, mbali kule Kusini. Walikuja kwa treni hadi Kindu, kwa boti hadi Ubundu, kisha kwa treni tena, wakashuka ng'ambo ya mto wakiwa na masanduku mawili na jiko la makaa. Mume wa mama huyo alikuwa wapi? Hakusema, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Na tabia zake zilikuwa ngeni. Huku Mangobo mwanamke hupika uani, moshi wake unaonekana, na anayepita akikuta makemba, ndizi za kupika, yameiva anakaribishwa. Mama Delphine alipika bukari yake, ugali wa kwao, ndani, mlango ukiwa umefungwa. Hata mchana, jua kali, mlango ulifungwa. Papa Amuri akitoa maneno yake juu ya wakubwa, mama huyo alikuwa akiinuka polepole na kuondoka bila kujibu lolote.

"Mutu anayefunga mlango mchana," alisema Papa Amuri, "iko na kitu cha kuficha."

Kadidja naye alikuwa na sababu yake ya kutompenda Delphine, na sababu hiyo ilianzia darasani.

Jumatatu moja Mwalimu Lifoli, aliyefundisha darasa la sita, alichora ramani ubaoni. "Wiki hii tunalinganisha miji miwili ya Kusini," alisema. "Lubumbashi na Likasi. Watu wanaishi namna gani, wanakula nini, wanacheza nini, na wapi ni pazuri zaidi kuishi. Nani ataanza?"

Kadidja ndiye aliyekuwa wa kwanza katika jiografia. Akasimama. "Lubumbashi ni mji mkubwa, mwalimu. Watu wake wanavua samaki katika mto mkubwa kama wetu."

Kicheko kidogo kikasikika nyuma. Alikuwa Delphine. Darasani aliitwa Kabedi, jina la ukoo, kwa sababu majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa na serikali. Nyumbani alibaki Delphine.

"Samahani," alisema Delphine. "Mto wa kule, unavuka bila kulowesha goti. Samaki wetu ni wa kukaushwa, wanatoka mbali."

"Basi njoo wewe utueleze," alisema mwalimu.

Delphine akaja mbele, akasimulia. Likasi, alikozaliwa, ni mji wa vilima, na watu wanajuana hadi kwa majina ya mbuzi wao. Lubumbashi, alikokulia, barabara zimenyooka, zina miti inayomwaga maua ya zambarau, na Jumapili kila mtu huvaa vizuri na kutembea ili aonekane. Likasi ni tulivu. Lubumbashi ina kelele, lakini muziki hauishi. Na katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, kila nyumba ina bomba la maji. Mwezi wa sita baridi ni kali mpaka mtu akisema, mvuke unamtoka mdomoni.

"Donc munavuta sigara bila sigara," alisema Yakubu, mvulana mcheshi wa dawati la mbele, na darasa zima likaangua kicheko. Delphine pia akacheka. Mwalimu akampongeza.

Kadidja peke yake hakucheka. Moyo ulimchoma. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, nina swali. Kama kule ni pazuri hivyo, bomba ndani ya nyumba na maua barabarani, wamekuja kutafuta nini huku?"

Delphine alifungua mdomo, akaufunga. Akarudi kwenye dawati lake, akainama, na hakusema neno tena siku hiyo.

Njiani kurudi nyumbani Yakubu alimkaribia Kadidja. "Umeona alivyonyamaza? Hakuna mutu anaacha asali kuja kulamba chumvi. Labda ametumwa."

"Nani?"

"Mama yake. Jicho la chama. Wanaleta mutu wa mbali ili tusimujue."

Kadidja alijua kwamba Yakubu ni mtu wa mizaha. Lakini wazo lile lilimkaa vizuri, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Toka hapo kila alichokiona kilikuwa ushahidi. Mlango uliofungwa. Masanduku. Na jambo moja baya kuliko yote: kila jioni, Papa Amuri alipowasha taa yake ya petroli na kushona ndani huku akinung'unika, Mama Delphine alikaa chini, nje, chini kabisa ya dirisha lake. Alikaa kimya, mgongo ukutani, kitambaa magotini. Kadidja akitokea, kitambaa kilikunjwa upesi.

Jumatano Mama Delphine alimwita kwa sauti ndogo. "Mwanangu Kadidja. Papa yako anazima taa saa ngapi?"

"Sijui," alijibu Kadidja, akakimbia ndani. Baba yake alikuwa anakata suruali.

"Papa, Mama Delphine ameniuliza habari zako."

Mkasi ukasimama. "Habari gani?"

Hapo Kadidja angeweza kusema neno jinsi alivyolisikia. Lakini alikumbuka kile kicheko cha nyuma ya darasa. "Ameuliza ni saa ngapi unazima taa," alisema, "na unasema nini juu ya wakubwa, na nani anakuja kukusikiliza."

Uso wa Papa Amuri ulibadilika rangi. Kisha akaweka mkasi chini, akatoka, akasimama mbele ya mlango wa nyuma.

"Mama Delphine, nahitaji chumba changu. Jumamosi, salongo ikiisha, mutafute pengine."

Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya Jumamosi, kufagia barabara na kufyeka majani kwa amri ya chama. Kwa hiyo siku ilijulikana na hapakuwa na la kujadili. Mama Delphine hakulia wala hakuuliza kwa nini. Alisema tu, "Nimesikia, Papa Amuri."

Kadidja alitarajia kufurahi. Ijumaa alimweleza Yakubu yale aliyomwambia baba yake, Yakubu akawaeleza wengine, na shuleni hakuna aliyekaa karibu na Delphine. Hata wakati wa kucheza, alisimama peke yake kando ya ukuta. Lakini furaha ile haikuwa tamu kama Kadidja alivyodhani. Ilikuwa kama embe bichi. Unalitamani mtini, ukiliuma meno yanakufa ganzi.

Jumamosi, watu wazima wakiwa barabarani na mafyekeo, Kadidja alipita uani akaona mlango wa nyuma uko wazi kwa mara ya kwanza. Delphine alikuwa anafunga mizigo. Alikunja mkeka, akaufunga kamba, akajaribu fundo, kama mtu aliyezoea.

"Unafunga vizuri," alisema Kadidja, kwa kukosa la kusema.

"Si mara ya kwanza." Delphine hakugeuka. "Uliuliza darasani tumekuja kutafuta nini. Papa yangu alikuwa mufanyakazi wa mgodi. Alikufa humo. Ile nyumba yenye bomba si yetu, ni ya kampuni. Matanga hayajaisha, mutu akaja na karatasi: nyumba inahitajika, mwenye kazi hayupo. Alors, tukafunga mikeka. Mama alisema Kisangani maisha ni magumu, lakini nyumba ni ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni mutu, unaweza kusema naye." Akavuta kamba. "Kumbe ni vilevile."

Sanduku moja lilikuwa wazi. Ndani hamkuwa na karatasi za chama. Mlikuwa na vitambaa vya meza, vyeupe, vimetariziwa maua ya zambarau na majani madogo, kazi ya mkono, safi kupita zote alizowahi kuziona katika nyumba ya fundi.

"Nani ameshona hivi?"

"Mama. Kule kambini kuna foyer, jumba la akina mama, wanafundisha wake za wafanyakazi kutarizi. Anauza kwa mabibi wa Makiso, kule mjini kwa matajiri. Sisi hatuna petroli ya taa, ndiyo sababu anakaa chini ya dirisha lenu, mwanga wa papa yako unafika pale."

"Na kwa nini anaficha?"

"Papa yako ni fundi. Mama aliogopa. Fundi akiona mutu mwingine anashona uani kwake, si atamufukuza?" Delphine akacheka kidogo, bila furaha. "Ametufukuza bila kuona."

Kwa hiyo lile swali, *anazima taa saa ngapi*, lilikuwa ni hilo tu. Mama yule alitaka kujua mwanga utadumu mpaka lini. Neno la kweli lilikuwa dogo, halina ubaya wowote. Ubaya wote alikuwa ameutia yeye.

Papa Amuri alirudi kutoka salongo akiwa na matope hadi magotini na hasira hadi kooni. "Tunafyeka majani mbele ya nyumba ya mukubwa mwenye watumishi wanne," alisema. "Wale wamekwisha ondoka?"

"Papa," alisema Kadidja. Akasimama mbele yake. "Papa, Mama Delphine hakuuliza unasema nini. Aliuliza taa tu, ni mjane, anatarizi kwa mwanga wako chini ya dirisha. Hayo mengine niliongeza mimi, na shuleni nimeyaeneza."

"Uliongeza?"

"Delphine alinicheka darasani."

Alingoja kofi. Badala yake Papa Amuri alitoka vilevile na matope yake. Kadidja akamfuata. Uani, Mama Delphine alikuwa ameshaweka sanduku moja kichwani.

"Mama, tua kwanza mzigo," alisema Papa Amuri. "Nikuulize jambo moja. Mimi nikisema juu ya wakubwa, kwa nini unainuka kila mara?"

Mama Delphine alitua sanduku. Akatazama barabarani, kisha akamtazama yeye. "Niseme kweli?"

"Sema."

"Huko kwetu, mutu anayewatukana wakubwa kwa nguvu hivyo, tunamuogopa. Tunasema labda anatutega, tumujibu, kisha atupeleke. Nilidhani wewe ndiye jicho la chama."

Papa Amuri alikaa chini kwenye kigogo cha kupasulia kuni. "Mimi?" alisema. "Mimi, jicho la chama?" Mabega yakaanza kumtikisika, na Kadidja akaogopa, mpaka alipoona kwamba baba yake anacheka, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu matanga ya mama. Kisha kicheko kikakatika, akapangusa uso kwa mkono wenye matope.

"Fungua sanduku, nione hiyo kazi."

Alikigeuza kitambaa upande wa nyuma, kama mafundi wanavyofanya kutafuta kosa. Hakulipata. "Kazi hii haifanywi gizani chini ya dirisha," alisema. "Kuanzia leo unakaa ndani, upande wa pili wa taa. Kola za mabibi utatarizi wewe, mimi mikono yangu ni ya suruali. Na Jumatatu nitakwenda nawe kwa wakuu wa mtaa wakuandike kama mukaaji. Siwapendi, lakini nitakwenda."

"Asante, Papa Amuri," alisema Mama Delphine, akaliburuta sanduku lake kurudi mlangoni.

Delphine akaanza kufungua fundo la mkeka. Kadidja alitaka kwenda kumsaidia, lakini baba yake alimshika mkono.

"Wewe bado. Sikiliza. Wakubwa wametufundisha kuogopana, kwa sababu watu wanaoogopana hawaulizi dawa zimekwenda wapi. Hilo ni somo lao, nami nimelishika hata kuliko wewe. Nilikuwa tayari kumutoa mujane nje, mimi ninayewalaumu wao mchana kutwa. Siku nyingine ukisikia neno, niletee jinsi lilivyo. Ukiliongeza chumvi, anayelila si wewe."

"Nisamehe, Papa."

"Mimi nimekusamehe. Lakini neno lilitoka kwa mdomo, litarudishwa kwa miguu. Kila mutu uliyemwambia, utakwenda kwake umwambie ulidanganya. Kila mutu. Halafu urudi hapa, uombe radhi kwa hawa."

Kadidja aliangalia barabara. Watu walikuwa wanarudi kutoka salongo, mafyekeo mabegani, na kila mmoja wao angemwona. Akajifunga kitenge vizuri, akaanza na nyumba ya kina Yakubu.