Ribiti Mbili

Verlin Stroud aliingia barabara ya changarawe jua likizama nyuma ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, naye alikuwa anaimba. Anaimba vibaya. Sauti yake ingetosha kufukuza kunguru wa kaunti nzima, na mke wake wa kwanza alipoondoka alitaja sababu mbili tu, ya kwanza ikiwa hiyo.

Ya pili, alisema, ni kwamba huna neno la kweli usilolifunika kwa mzaha.

Cha ajabu ni kwamba kazi ya Verlin ilikuwa kusema kweli. Kuanzia mji wa Toledo hadi mji wa Dayton, mtu akifukua ghalani gari la misuli, yale magari ya mwanzo wa miaka ya sabini yenye silinda nane na mngurumo wa simba aliyekanyagwa mkia, hakuna fundi aliyekubali kulikarabati mpaka Verlin aje na tochi yake, kioo chake cha kukuzia na mdomo wake. Hasa mdomo. Kuna daktari wa meno ambaye Verlin alimwambia mbele ya umati wa maonyesho ya magari, "Daktari, hili lako ni punda aliyepakwa milia." Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga bia.

"Gari ni kama mtu," alipenda kuwaambia. "Bodi ni mwili, namba ni jina. Ukichukua jina la marehemu ukalibandika kwenye mwili wa mwingine, umetengeneza mzimu wenye magurudumu manne!"

Wakacheka tena. Yeye akicheka kuliko wote, ili asitokee wa kumuuliza amejuaje.

Bibi Wilma Detwiler alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, koti la marehemu mumewe mabegani. Miaka themanini na sita, mwembamba kama ufagio, macho makavu.

"Umechelewa," alisema.

"Mama, mimi nilichelewa hata kuzaliwa. Mkunga alikuwa ameshaondoka."

Hakucheka. Alisukuma mlango wa ghala, nao ukalia kwa uchungu, kisha taa moja ya njano ikawaka.

Gari lilikuwa katikati. Jeusi, refu, limelala chini kama mnyama anayengoja. Vumbi limelifunika kila mahali... isipokuwa kiti cha dereva. Kiti cha dereva kilikuwa safi.

"Nimelinunua kiangazi," alisema Bibi Wilma. "Mpwa wangu aliona tangazo. Namba ya chesisi nilikuwa nayo siku zote." Akatoa mfukoni karatasi ya bima, ya mwaka 1983, imelainika kama kitambaa kwa kukunjwakunjwa. "Gari la mwanangu. Randy."

"Safi. Kwa hiyo Randy ndiye anayetaka kulikarabati?"

"Randy aligongwa na treni kwenye kivuko cha reli, Novemba ya mwaka huo. Akiwa ndani yake. Moto ukawaka."

Verlin alivua kofia. Jambo hilo hutokea kwa nadra.

"Tulizika sanduku lililofungwa," bibi akaendelea, taratibu, kama mtu aliyeyafanyia maneno hayo mazoezi miaka arobaini. "Hawakuniruhusu nione. Walisema walimtambua kwa gari. Kwa namba ya gari, Bwana Stroud. Si kwa kingine. Sasa tazama hapa. Bodi hii imewahi kugongwa na treni?"

Haikuhitaji kioo cha kukuzia. Mbavu za gari zilikuwa nyoofu kama siku zilipotoka kiwandani.

"Kama hili ndilo gari la mwanangu, mwili na namba," alinong'ona, "basi yule tuliyemzika ni nani? Na wangu yuko wapi? Kila jioni namwekea sahani. Padri ananiambia niache. Mimi nimesema nitaacha siku mjuzi atakaponiambia. Hata fundi wa Toledo hataligusa bila barua yako. Na mimi siwezi kufa bila barua yako."

Akageuka kwenda jikoni. Kuku na tambi vilikuwa motoni.

Verlin akabaki na gari.

Alianza kama kawaida, anajisemesha. "Haya, bibie, tuonyeshe meno." Alimulika dashibodi kupitia kioo cha mbele. Kibati cha namba kilikuwa mahali pake, kimeshikwa na ribiti mbili, vipini vidogo vya chuma vya kubania bati, vichwa vyake vimechongwa kama ua la petali sita. Ribiti za kiwandani. Sawa. Akafungua boneti, akachovya kitambaa kwenye mafuta, akasugua uso wa bloku ya injini mpaka tarakimu zikajitokeza moja moja.

1... 8... 8... 4... 0... 8.

Kitambaa kikamdondoka.

Nane zote tatu zilikuwa na pengo. Chini, kwenye tumbo, upande wa kushoto. Kama jino lililong'oka.

Alilijua pengo lile. Lilikuwa kwenye mihuri ya chuma ya kugongea namba, seti ya yadi ya magari mabovu alikofanya kazi akiwa na miaka kumi na tisa. Mihuri ile alikuwa akiishika mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia. Asubuhi moja ya Novemba liliburutwa pale gari jeusi lililoviringwa kama karatasi ya peremende. Kijana aliyekuwa ndani alikuwa ameshatolewa. Yaliyoweza kutolewa. Bosi akasema, yametengenezwa machache mno haya, ni dhambi kuacha jina zuri liende kuyeyushwa. Pale nyuma kulikuwa na gari jingine jeusi, la kawaida, halina jina wala umaarufu. Verlin akatoboa ribiti mbili kwa uangalifu. Akakihamisha kibati, akakibana kwa ribiti nyingine za ua lilelile, akagonga namba hiyohiyo kwenye injini, huku akipiga hadithi za kuchekesha na redio ikiimba. Alipomaliza aligundua kwamba kwenye kidole gumba kulikuwa na jivu. Alilifuta kwenye suruali.

Ndivyo alivyojifunza ujuzi wake. Mwizi ndiye aliyefanywa mlinzi, akasifiwa kwa macho makali.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya mafuriko. Alitazama mlangoni. Hakuna mtu.

Tk.

Ilitoka ndani ya gari. Chuma juu ya chuma.

Tk... tk... tk...

Mara sita. Kisha kimya.

"Panya," alisema kwa sauti. "Panya mwenye karakana." Mzaha ulianguka sakafuni ukafa.

Bado kulikuwa na njia ya kuwa na uhakika. Zamani, kiwandani, wafanyakazi walizoea kuichomeka karatasi ya maagizo ya kila gari katikati ya springi za kiti. Ilikuwa uvivu wao tu. Lakini karatasi ile haidanganyi, na Verlin, siku ile ya Novemba, hakuigusa. Ingekuwa na namba ya lile gari la kawaida. Ingemsema. Na labda, aliwaza, labda ilikuwa heri imseme.

Aling'oa kiti cha nyuma. Springi zikalia. Karatasi ilikuwepo, ya manjano, kavu kama jani.

Akaimulika.

188408.

Haiwezekani. Aliisoma tena. Zile zilikuwa herufi za mashine ya kiwandani, zilizochapwa miaka kumi na mitatu kabla hajashika nyundo ile.

Na kila nane ilikuwa na pengo.

Alikimbilia mbele, akajibana nyuma ya rejeta, akakwangua rangi mahali palipofichwa namba ya bodi. Mahali ambapo hakuwahi kugonga chochote maishani mwake. 188408. Pengo. Pengo. Pengo. Akamulika bawaba ya mlango. Akamulika pembe ya kioo. Ilikuwepo kote, safi, kana kwamba imegongwa asubuhi hiyo.

Harufu ikaja. Breki za chuma zilizoungua... makaa... na chini yake, harufu ya nywele.

Mbali, shambani, treni ikapiga honi.

Reli ile iling'olewa Verlin akiwa bado na nywele nyeusi.

Vioo vya gari vilianza kupata ukungu.

Kwa ndani.

"Basi?"

Verlin aliruka. Bibi Wilma alikuwa mlangoni, aproni kiunoni, mwiko bado mkononi.

"Mama..." Alimsogelea hatua moja. "Mama, kuna jambo. Mimi, nilipokuwa kijana..."

"Sema, mwanangu."

Alimwita mwanangu. Ingekuwa afadhali angempiga kofi.

Maneno yalikuwa pale pale kwenye ulimi. Mwanao alikufa, mama. Uliyemzika ni yeye. Haya matumaini yote, miaka yote hii, sahani zote hizo, nilikutengenezea mimi kwa nyundo na mihuri mibovu. Sentensi tatu. Mtoto angeweza kuzisema. Lakini angemwona usoni akizipokea. Na baadaye maonyesho yote yangejua. Daktari wa meno angejua.

Mdomo wake ukafunguka. Kilichotoka kilikuwa kile kilichotoka siku zote.

"Mama, hili gari ni halisi kuliko meno yangu!"

Akacheka. Akajisikia akicheka.

Alitoa fomu, akafunga boneti, akaiandika juu yake. *Nathibitisha kwamba mwili na namba ni vya gari moja.* Akajiambia ni huruma. Kikongwe aende kaburini na furaha, kuna ubaya gani? Alijiambia hivyo na hakujiamini hata nukta moja. Akaweka sahihi. Akagonga muhuri wake.

Tk.

Bibi Wilma alivaa miwani, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. "Mwili... na namba... ni vya..."

Kitasa cha mlango wa dereva kikashuka.

Taratibu.

Mlango ukafunguka kutoka ndani.

"Mama," ilisema sauti. Nyembamba. Kama inajaribiwa kwa mara ya kwanza.

Verlin hakuangalia. Tuseme ukweli walau mahali pamoja katika hadithi hii: alikimbia. Tochi aliiacha, kioo cha kukuzia alikiacha, kofia aliiacha. Alipokuwa ameshawasha gari lake na magurudumu yakirusha changarawe, ndipo macho yakamsaliti yakatazama kioo cha nyuma. Bibi kizee alikuwa anavuka uwanja kuelekea taa za jikoni, amemshika mtu mkono. Mtu yule alitembea hatua fupifupi za uangalifu, kama anayejaribu viatu vipya.

Ila hakuwa akijaribu viatu tu. Ilikuwa kana kwamba anajaribu miguu yenyewe.

Wiki tatu Verlin hakukagua gari. Hakuimba. Wateja walipiga simu, akasema ana mafua. Alipojitazama kwenye kioo akinyoa, alishusha macho.

Simu ile ilimkuta adhuhuri, jikoni kwake, mkate na jibini mkononi, jua la baridi likiwa dirishani. Aliijua sauti kabla haijataja jina.

"Bwana Stroud. Nilitaka kukushukuru." Bibi Wilma alikuwa ananong'ona. "Randy yuko nyumbani. Anakula vizuri. Anamaliza sahani zote."

Verlin alilipa dirisha mgongo.

"Uso ni wake. Wa miaka ishirini na miwili, hajazeeka hata siku moja. Ukimwita Randy anaitika. Lakini, Bwana Stroud... Randy wangu alikatwa kidole na mashine ya mahindi akiwa na miaka kumi na mmoja. Mimi mwenyewe nilikifunga kitambaa. Huyu ana vidole kumi."

Bibi akavuta pumzi.

"Jana nilimkata nywele. Nyuma ya sikio, mahali ngozi ya uso inapoanzia... kuna vitu viwili. Vidogo, baridi. Vya chuma. Vimechongwa kama ua."

Mkate ulianguka mezani.

"Wewe ndiye mjuzi, mwanangu. Uliniandikia kwa mkono wako. Njoo umkague tena, uniambie huu mwili ni wa nani." Sauti yake ikapungua, ikawa uzi. "Maana kama si wa Randy, basi kuna mama mwingine mahali fulani. Naye anauwekea sahani."

Verlin Stroud alifungua mdomo atoe mzaha. Alingoja. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, haukuja.

Na kule jikoni kwa bibi, nyuma ya ukimya wao wawili, mtu aliyekaa mezani aligonga kijiko kwenye sahani tupu. Taratibu, kwa mpangilio, kama mwenye nyundo na muhuri.

Mara sita.