Mama Ngendakumana

Jumapili hiyo ilianza kama Jumapili nyingine zote za Spès. Alikwenda misa ya kwanza, akarudi, akafua vitambaa vya mtoto, akapika ugali wa muhogo na ndagala, yaani dagaa, akala akiwa amesimama kama kawaida yake. Sisi tulioishi naye ukuta kwa ukuta pale Kavimvira, Uvira, tulimjua hivyo: mwanamke wa haraka, anayegombana na sufuria zake kisha anacheka peke yake. Kisa chenyewe alimsimulia mama yangu mara moja tu, mlango ukiwa umefungwa, na mama alikaa nacho miaka mingi kabla ya kunipa.

Ilikuwa mwaka wa 1999, vita vya pili vikiwa bado vibichi. Mumewe, Frédéric, alikuwa mkulima wa mpunga wa Bwegera, bondeni. Vita vilipoanza alimleta Spès mjini akiwa na mimba ya miezi mitano, akamwachia godoro na redio, akarudi shambani kwa siku mbili tu akauone mpunga wake. Siku mbili hizo hazikuisha. Mtoto alizaliwa, msichana, akaitwa Délice, akafikisha miezi mitano, na baba hajulikani alipo. Waliotoka huko kila mmoja alikuja na lake: huyu alimwona Burundi, yule alisikia yuko kambini Kigoma, na wa tatu ukimuuliza alitazama miguu yake.

Basi wiki hiyo zikabandikwa afishi mjini. Les Tonnerres wanarudi jukwaani.

Kwa nyinyi msiowajua, Les Tonnerres, yaani Radi, walikuwa vijana wa Uvira walioleta mjini magita ya umeme yanayonguruma, nywele ndefu na suruali za miguu mipana, wakati babu zetu bado wakiuita muziki huo kelele za wahuni. Walizeeka wakipiga rock ileile. Mwaka wa 1996 walikimbia kama watu wengine, na tangu hapo hakuna aliyewasikia. Frédéric alikuwa na kaseti yao moja, na wakati wa kumchumbia Spès alipita nyuma ya ua wa baba mkwe akiupiga kwa mluzi wimbo wa mwisho wa kaseti hiyo. Spès akiusikia mluzi tu, alijua kuni zimekwisha na lazima atoke kutafuta nyingine.

Tamasha lilitangazwa kuwa saa nane mchana, katika hangari ya zamani ya pamba upande wa Kalundu. Lingeisha saa kumi na moja, maana amri ya kutotembea ilianza saa kumi na mbili, na askari wa barabarani hawakuwa watu wa kuuliza mara mbili. Chini ya afishi waliandika: leteni majina ya waliopotea. Desturi ya libanga mnaijua. Wimbo ukikolea, mwimbaji hutupa majina ya wakubwa waliomfadhili. Safari hii majina yangekuwa ya waliopotea, bure kabisa, na kaseti za tamasha zingevushwa ziwa hadi kambini. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini jina lake laweza kuitwa. Spès alilifikiria hilo usiku kucha.

Alimnyonyesha Délice ziwa la kulia, akamhamishia la kushoto, akamkabidhi kwa jirani yetu Ernestine. Alisema jina likishaitwa ataondoka, arudi kabla ya saa kumi na moja. Kwenye kipande cha karatasi aliandika: *Frédéric wa Bwegera, mke wako Spès anakusalimu, na mtoto wako pia.* Jina la mtoto hakuliandika. Alitaka Frédéric alisikie kutoka kinywani mwake mwenyewe, siku watakapoonana.

Mlangoni mwa hangari alisimama mtu mwenye mhuri. Kila aliyeingia aligongwa mkono, alama ya radi yenye wino wa zambarau. Ndani palikuwa na joto la mabati, madirisha madogo juu kabisa, na mlango ule mmoja. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya jukwaa. Spès alipata nafasi kwenye benchi karibu na mama mmoja wa makamo, Mnyamulenge wa milimani, mrefu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Miaka hiyo watu wa milimani na watu wa bondeni hawakukaa benchi moja hivihivi. Lakini mama yule alisogea, akamkaribisha, akamuuliza kwa adabu, "Weye unaitwa mama nani?"

"Mama Délice."

Naye alisema anaitwa Nyirabahizi. Alikuwa mtu wa kanisa, hakuwahi kukanyaga kwenye muziki wa dunia, ila alikuja kwa ajili ya jina la mwanawe Ishema.

Wazee wakapanda jukwaani. Herménégilde, mwimbaji, kichwa cheupe chote, gita shingoni, alikohoa mara moja kisha akaukwaruza uzi. Gita lilinguruma hadi mabati yakatetemeka. Watu waliruka, jamani! Mwaka mzima walikuwa wanatembea wameinama, siku hiyo waliruka. Spès alicheka hadi machozi yakamtoka. Alikuwa na furaha, na hakuona haya kuwa nayo.

Kisha kofia ikapitishwa, karatasi zikakusanywa, na ukaanza wimbo wa mwisho, wimbo wa mluzi wa Frédéric. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasorobo.

Herménégilde alichukua karatasi ya kwanza, akaita jina la mwanamume wa Nyakabere. Mlango ukafunguliwa. Mwanamume akaingia. Mkewe alipiga yowe, akamrukia shingoni, ukumbi mzima ukashangilia. Likaitwa la pili, akaingia wa pili. La tatu, la nne. Watu walilia kwa furaha, wakamsifu Mungu, wakasukumana kuelekea jukwaani wakisema langu, langu sasa. Hakuna aliyejiuliza watu hao walikuwa wamesubiri wapi.

Akaitwa Ishema. Kijana mrefu aliingia, suruali imelowa hadi magotini, akagongwa mhuri, akaja kusimama mbele ya mama yake. Nyirabahizi alimshika mkono. Akauachia taratibu.

Mwimbaji aliimalizia karatasi ileile. "Na dada yako Iribagiza anakusalimu."

Mlango ukafunguliwa tena. Msichana akaingia, kanga ya jikoni kiunoni. Mkono mmoja ulishika kisu. Mwingine ulishika muhogo ulioambuliwa nusu. Alikuwa anahema.

"Mama," alisema, "juu ya nini umeniita?"

Nyirabahizi alimgeukia Spès. Alimnong'oneza kwamba yeye alimwacha Iribagiza nyumbani Runingu asubuhi hiyo, mzima. Runingu hadi hapo ni mwendo wa masaa.

"Usitaje mwenye iko muzima," alisema. "Minye nimetaja."

Spès alitazama waliokuwa wameitwa. Hawakucheza. Walisimama kando ya wapenzi wao, wamelowa hadi magotini, macho yakiangalia jukwaa. Wakati huohuo maziwa yakamshuka.

Akina mama wanajua. Kifua hakidanganywi. Délice alinyonya kila baada ya masaa matatu, na maziwa yaliposhuka, yalishuka kwa saa yake. Spès alitazama ukutani. Saa kumi kasorobo. Blauzi ikalowa, ikakauka, ikalowa tena. Alitazama. Saa kumi kasorobo. Wimbo ulikuwa uleule. Dole gumba la Herménégilde lilikuwa linatoka damu, naye bado anakwaruza.

Alikwenda mlangoni. Kwa ndani mlango haukuwa na kitasa. Mtu wa mhuri aliuinua mkono wake, akaitazama alama, akamrudishia mkono wake kwa upole.

"Wimbo haiyaisha, mama," alisema.

Alirudi kwenye benchi. Mawazo yake yalikuwa kwa Délice tu. Mtoto analia kwa Ernestine. Mtoto ana njaa. Lazima atoke. Ndipo akasikia jina.

"Frédéric wa Bwegera."

Aliingia akiinama kidogo, kama alivyoinama kwenye milango yote. Shati ni lile aliloondoka nalo. Spès alisahau kila kitu. Nakuambia ukweli, hata hofu aliisahau. Alimkimbilia, akamkumbatia, akalia kwenye shati lile, na shati lilinuka matope ya mpunga. Alikuwa amemngoja miezi tisa. Mkono wa Frédéric ulimshika mgongoni. Ulikuwa baridi, lakini ulikuwa mkono wake.

"Spès," alisema. "Mutoto?"

"Amezaliwa."

"Jina yake nani?"

Na ndilo neno alilokuwa amelitunza miezi yote hiyo. Lilimfika ulimini. Akafunga mdomo.

Frédéric alingoja. Hakukasirika. Aliuliza tena, kwa upole uleule. Gita likapungua sauti. Herménégilde alikuwa ameshika karatasi yao mkononi.

"Karatasi moja haiyaisha," alisema kwenye kipaza sauti. "Mutoto wa Frédéric. Jina."

Ukumbi wote ukageuka. Walioitwa, na walioita. Wote walimtazama Spès.

Frédéric alimgeukia Nyirabahizi. Aliijua desturi kama sisi sote tunavyoijua: mwanamke akishazaa, jina la mtoto ndilo jina lake.

"Mama," alimuuliza kwa heshima, "huyu munamwita mama nani?"

Nyirabahizi alilijua. Alikuwa ameuliza mwenyewe. Angelitaja, wimbo ungeisha. Alimtazama Iribagiza, aliyesimama na muhogo wake mkononi. Muhogo ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Akainamisha kichwa, akanyamaza. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Spès hakuwahi kumsahau mama huyo.

Maziwa yalishuka tena. Mara ya tatu. Délice hangeweza kungoja zaidi.

Hapo Spès akakumbuka. Kabla ya vita, wakilala Bwegera, walikuwa wamepanga majina. Akiwa msichana, wataona. Akiwa mvulana, ataitwa Ngendakumana. Mvulana hakuzaliwa. Jina halikuwa na mwenyewe. Ukiita jina lisilo na mtu, nani ataitika?

"Ni mvulana," alisema. "Ngendakumana."

Frédéric alitabasamu. Tabasamu hilo lilimuumiza Spès kuliko yote. Alikuwa amemdanganya mumewe, na mumewe alikuwa amefurahi.

Herménégilde hakuita. Alimtazama Spès kwanza.

"Mama Ngendakumana," alisema.

Walikuwa wanangoja aitike. Kwao akina Spès, mtu akiitwa huitika neno moja, na asipoitika ina maana jina si lake.

"Karame," Spès akaitika.

"Ngendakumana," akaita mwimbaji.

Mlango ukafunguliwa. Hapakuwa na mtu. Kisha mtu wa mhuri akainama. Akainama chini kabisa, hadi sakafuni. Akagonga mhuri.

Kitu kilikuja kati ya miguu ya watu. Watu walipisha njia. Spès hakukiona. Aliona kanga na suruali zikisogea, moja baada ya nyingine, zikimkaribia. Frédéric alipiga magoti, akampa mgongo, akainuka na mzigo kifuani. Alianza kuubembeleza. Kwenye bega lake Spès aliona vidole vinne vidogo vikishika shati.

Gita likakoma.

Mlango ulikuwa wazi. Spès alikimbia, hakugeuka. Nyuma yake alisikia mluzi.

Nje jua lilikuwa bado liko juu. Alikimbia kutoka Kalundu, akapita Mulongwe, viatu mkononi, blauzi imelowa, watu wakimshangaa. Ernestine alikuwa amekaa mlangoni, Délice amelala mapajani.

"Juu ya nini unakimbia?" Ernestine alimuuliza. "Hata saa kumi na moja haiyafika. Mutoto hata halii."

Spès alimpokea Délice, akaikagua mikono yake, wa kulia, wa kushoto. Safi. Akakaa sakafuni, akalia kwa shukrani, akampa ziwa la kulia. Mtoto alinyonya, akashiba. Akamhamishia la kushoto. Délice alivuta, akaacha, akalia. Hapakuwa na kitu. Ziwa lilikuwa limekauka, laini, kama la mama aliyetoka kunyonyesha sasa hivi.

Siku ile Nyirabahizi hakurudi kwao. Wiki mbili baadaye watu wa Runingu walileta habari kwamba binti yake naye alitoweka Jumapili hiyohiyo, akaacha muhogo kwenye mkeka na maji jikoni yakichemka. Waliokuwa kwenye tamasha ukiwauliza, walisema lilikuwa zuri, na halikuchelewa kuisha. Kuhusu majina hakuna aliyependa kuzungumza.

Délice alikua kwa ziwa moja. La kushoto lilijaa kila mchana, likamuuma Spès, naye hakuthubutu kumpa mtoto wake. Ikifika saa kumi kasorobo alikwenda chumbani peke yake, akafunga mlango, akalala chali na kufumba macho. Akitoka, ziwa lilikuwa tupu. Hivyo miaka miwili, hadi siku alipomsimulia mama. Mama yangu alimuuliza kwa nini asipake pilipili kama wanavyofanya wanaoachisha mtoto. Spès alisema aliwahi kujaribu siku moja, na siku hiyo alisikia kilio cha mtoto wa Frédéric. Hakujaribu tena.

Kisha akamfungulia mama blauzi. Kwenye ngozi, juu ya ziwa la kushoto, mahali mtoto anapopumzisha mkono wake akinyonya, palikuwa na doa la wino wa zambarau. Alisema kwamba huliosha kila jioni, na kila siku linapogongwa tena, radi inakuwa imesogea juu kidogo, kwa sababu mkono unakua.