Vidole Vinne vya Pindo

Jambo la kwanza lilikuwa dogo: futi ya kupimia ilikutwa kitandani kwa mtoto. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa akiitundika futi yake shingoni tangu usichana, na hakuwa na desturi ya kuisahau. Akaiokota, akasema ni uchovu.

Kesho yake aliikuta imenyooshwa kando ya mtoto kuanzia utosini, imetiwa alama ya chaki, na inanuka kafuri, ile wanayopakwa maiti.

Mtoto alikuwa na miaka saba. Walimwita Chiriku kwa mdomo wake usiochoka, na saratani ya damu ilikuwa haijaufunga. Mwili ndio ulikuwa unapungua, na kila baada ya wiki mbili mama alimpunguzia nguo. Kwa kawaida gauni la mtoto huachiwa pindo la vidole vinne, akirefuka linashushwa. Tangu siku ile ya majibu ya daktari, mama alikuwa hamwachii mwanawe pindo hata la kidole kimoja, na hakujiuliza kwa nini. Hapo ndipo, bila kujua, alipomwachia mlango wazi huyo mpimaji.

Alasiri moja, Chiriku amelala na baba yake yuko kwenye kazi zake za kupaka rangi nyumba za watu, cherehani ilianza kulia peke yake chumba cha mbele, polepole kwanza, kisha kwa kasi ya fundi mwenye haraka ya kumaliza, na mama akaenda akishika ukuta, na harufu ya kafuri ikimjaa kooni, hadi akaona mezani bafta nyeupe iliyokwisha kukatwa, na sauti tamu kama ya jamaa aliyewahi kuja kutoa pole ikamwambia sikioni, "Jiandae mapema, mama. Mimi nakusaidia tu."

Baba aliporudi, mama alimvuta jikoni.

"Baba Chiriku, nikikwambia kitu utasema nimerukwa na akili?"

"Sema polepole, asisikie."

"Kuna kitu kinampima mtoto. Kimemkatia sanda."

Baba akakaa juu ya ndoo ya rangi. "Kwangu hakiji na futi. Huja nikipaka vyumba vya watoto. Kinaniuliza, chumba cha wako utampakia nani?"

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu huu."

"Na umenyamaza?"

"Wewe muuguzi wa hospitali akikuuliza unalalaje, si unajibu vizuri tu? Nikasema basi, na mimi nijikaze." Akalia, mikono yenye rangi usoni, akabaki na mistari ya kijani.

Mama akamtazama, akashindwa kujizuia, akacheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe tunalifuga jini moja, kila mtu kwa siri yake."

Akanyanyuka, akaipima ile bafta. Kwa urefu wa Chiriku, ilipungua shubiri nzima. Hapo hofu ikaipisha hasira. Kumuua mtoto wake, na kazi yenyewe ovyo?

Akakaa kwenye cherehani. Vidole vya baridi vilimshika vifundo, taa ikafifia, sauti ikamwambia anajidanganya, akina mama wenzake wote walijidanganya hivyohivyo. Mguu wake haukuacha pedeli. Kilichokatwa kuwa sanda akakishona gauni, la mtoto wa miaka tisa, lenye mifuko miwili na pindo la vidole vinne.

Jumatatu, hospitalini, mume na mke wakiwa pamoja, muuguzi aliuliza tena habari za usingizi.

"Silali," mama akajibu. "Kuna jini nyumbani kwetu. Mume wangu naye analo."

Muuguzi hakucheka. Alifunga mlango, akavuta viti viwili. "Kaeni. Si nyinyi wa kwanza kuniambia."

Wakawa wanakwenda kwake kila Alhamisi, wawili, kusema yote waliyokuwa wanayameza. Jini halikuhama. Lilipungua sauti. Siku moja mama alikuta mstari wa chaki kwenye gauni, juu kabisa ya pindo, pale mkasi ungepita.

Akaufuta kwa kidole gumba. "Kata uone. Nitashona jingine, na pindo nitaliongeza."

"Mama, unaongea na nani?" Chiriku aliuliza kutoka kitandani.

"Na mgeni asiyejua kuaga."

"Yule wa futi?" Mtoto hakushtuka hata kidogo. "Mwache. Akinipima huwa nakunja miguu."