Sauti Iliyobaki Kazini

Jumatatu saa mbili asubuhi, mapokezini pa kampuni ya pampu za maji palikuwa hapatoshi. Wateja walibanana kwenye kaunta, wengine wamekumbatia mashine mbovu kama watoto wagonjwa, na simu nne zililia kwa pamoja. Nyuma ya kaunta alikaa dada wa mapokezi, blauzi yake ya njano imenyooshwa kwa pasi. Aliwapokea wote, na kila mmoja akaondoka akidhani amehudumiwa peke yake.

Kijana mwenye shati la buluu na mkoba wa vifaa akapenya hadi mbele, akasema amekuja kuzima simu.

"Zima ya kwenu," dada akamjibu bila kuinua macho. "Hizi zina watu ndani."

Alikuwa fundi, ametumwa kubadilisha mtambo wa kupokea ujumbe. Ule wa zamani ulihifadhi ujumbe ishirini tu, kisha ukawakata watu katikati ya maneno. Mpya ungempa kila mfanyakazi sanduku lake la ujumbe, na ungempokea mteja wenyewe: bonyeza moja kwa mauzo, mbili kwa vipuri. Fundi alisubiri ukutani hadi saa sita, simu zilipotulia, ndipo akagusa waya wa kwanza. Dada aliliona hilo, akalipenda.

Kazi ilichukua wiki mbili. Fundi alitambaa chini ya meza akichomoa nyaya, naye dada akainua miguu huku akiendelea kuongea na wateja. Fundi alihitaji kujua nani anatumia laini ipi. Dada alimtajia zote kwa kichwa, akamwongezea na majina ya wanaopenda kusema wako kikaoni. Wakaanza kula pamoja mchana kwenye ngazi za nyuma. Siku ya nne simu ya ndani ikalia kutoka stoo.

"Haloo, najaribu laini."

"Umeijaribu mara sita leo, fundi. Laini ni nzima. Mgonjwa ni wewe."

"Basi nipe dawa, mpenzi."

"Dawa ni saa kumi na moja, ukinisindikiza kituoni. Na hilo jina ulilianza lini?"

Tangu siku hiyo walitoka pamoja kila jioni. Jumatano ya wiki ya pili, fundi alimwomba arekodi salamu za mtambo. Walijifungia stoo katikati ya maboksi, dada akarudia mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza alicheka.

Ijumaa mkurugenzi alimwita, akamkabidhi barua. Kwa kuwa mtambo sasa unapokea simu wenyewe, nafasi ya mapokezi imeondolewa; anashukuriwa kwa miaka saba. Dada alishuka moja kwa moja kwa fundi.

"Ulijua?"

Angeweza kukana. "Tangu Jumanne. Niliona kwenye mkataba."

"Na Jumatano ukanirekodi."

"Niliogopa ungenichukia."

Dada alichukua mkoba wake, akaondoka. Aliamini mapenzi yote yale yalikuwa mtego wa kuipata sauti yake. Haikuwa kweli, lakini fundi mwenyewe ndiye aliyeifanya ifanane na kweli. Dada alifika nyumbani, akaifungia namba ya fundi. Mama yake, aliyekuwa mshonaji, alisikiliza hadi mwisho, akasema kikulacho ki nguoni mwako, kisha akaendelea kupinda suruali ya mteja.

Wiki tano baadaye fundi alirudi kukagua mtambo, akakuta sanduku moja limejaa. Lilikuwa la muuza vipuri aliyeacha kazi, na hakuna aliyekumbuka kulihamisha. Ndani mlikuwa na ujumbe sitini na mmoja usiosikilizwa. Mkurugenzi aliambiwa, akasema wenye shida watapiga tena. Fundi alisikiliza wa kwanza, wa pili na wa tatu, akatoka nje, akaazima simu ya mlinzi, akarudi nayo kwenye mtambo.

"Usikate," alisema dada alipopokea. "Sikupigii kwa ajili yangu. Msikilize huyu."

Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye mtambo, ya jana yake. Alisema ni muuguzi wa zahanati, pampu imekufa, ni siku ya tano hawana maji, na wodini ana wajawazito wawili ambao siku zao zimefika. "Yule dada anajua kifaa chetu," alimalizia. "Yuko wapi yule dada?"



"Ni mpira wa pampu yao, namba arobaini na mbili," dada akasema. "Stoo watakupa arobaini, usikubali. Nakuja."

Alifika na gauni la nyumbani na kitambaa kichwani. Kabla ya adhuhuri mpira ulikuwa ndani ya basi la kwenda zahanati. Kisha wakakaa bega kwa bega, dada akiwatambua watu kabla hawajajitaja na kuwapigia, fundi akiandika majibu yao, hadi wakamaliza wote sitini na mmoja. Kesho yake muuguzi alipiga kusema maji yanatoka, na mtoto mmoja ameshaogeshwa.

Mkurugenzi alipoona kwenye orodha wangapi walikuwa wamekwenda kununua kwingine, alimwomba dada arudi. Dada alikubali kwa sharti: mtu apokee kwanza, mtambo ushike pale tu laini zinapojaa, na masanduku yote yafunguliwe kila jioni mbele yake. Mkurugenzi akakubali, na fundi akabadilisha mipangilio siku hiyohiyo.

Jioni walitembea hadi kituoni.

"Nilikosa," fundi alisema. "Nilipaswa kukuambia Jumanne ileile. Nataka kuja kwenu na baba mdogo, kwa nia njema."

"Mama hajakusamehe."

"Na wewe?"

"Nimebakiza kidogo. Njoo Jumapili, hicho kidogo ukimalize mbele yake."

Alikuja Jumapili na suti ya kijivu iliyombana mabegani. Baba mdogo alieleza shida iliyowaleta kwa adabu zote. Mama aliweka mkasi chini, akamtazama kijana.

"Nina swali moja," alisema. "Kuna jambo lolote unalolijua kumhusu binti yangu, ambalo yeye halijui?"

"Kwamba nampenda, mama. Lakini hilo nadhani analijua."

Mama akamgeukia binti yake.

"Nalijua," dada akasema, akaenda kuleta chai.