Dansi ya Kwanza Aliyoikataa Hester

Ukumbi wa maji ya tiba pale Bath, Uingereza, ulikuwa umejaa asubuhi ile, watu wanasukumana kwa adabu, kila mmoja na bilauri yake ya maji moto yanayonuka. Hester Wraxall alimeza funda moja tu, uso ukamkunjamana.

"Yana ladha ya misumari," mtu akasema kando yake.

Alikuwa kijana mrefu mwenye koti la kahawia, vumbi la mawe limemganda mikononi.

"Kwani umewahi kula misumari, bwana?"

"Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, bibie. Mafundi wakizidiwa, mimi ndiye ninayewashikia misumari. Kwa meno."

Hester akacheka mpaka maji yakamwagikia glavu. Hivyo ndivyo alivyomjua Ambrose Kell. Wiki tatu wakakutana palepale, mbele za watu, maana wasiochumbiana hawakuruhusiwa kuandikiana barua. Yote ya moyoni waliambiana juu ya bilauri za maji mabaya.

Mjomba Crewe aliyaona hayo na hakuyapenda. Baba yake Hester alipofariki alimwachia binti yake pauni elfu kumi, lakini wosia ulisema akiolewa bila ridhaa ya mjomba, zote ni za mjomba. Na mjomba alikwisha kumchagulia mume: Sir Lionel Pym, miaka hamsini na miwili, mwenye mashamba yaliyopakana na ya mjomba.

"Jioni hii Sir Lionel atakuomba dansi ya kwanza," mjomba alimwambia wakishuka kwenye gari la farasi mbele ya ukumbi wa dansi. "Nimeshawadokeza watu. Ukisimama naye, kesho wanakuja kutupongeza kwa uchumba."

"Na nisiposimama?"

"Utasimama, mwanangu. Wewe si mjinga."

Ndani, mishumaa mamia iliwaka juu ndani ya vioo, na mwanga ukawanyeshea watu kama mvua ya dhahabu. Hester alivaa gauni jeupe la melimeli, utepe wa kijani chini ya kifua. Sir Lionel akaja, ananukia kafuri, akainama.

"Bi Hester, utanipa heshima?"

"Samahani, Sir Lionel. Sichezi."

Neno dogo. Lakini Bath nzima ilijua maana yake: binti akimkatalia bwana mmoja, basi jioni hiyo hachezi na mwanamume mwingine yeyote. Hester akaenda kuketi kwenye benchi la ukutani. Akashangaa kwamba ni yeye aliyesema vile.

Dakika kumi hazijapita, Ambrose akaingia mbio, koti limepigwa brashi, viatu vinang'aa.

"Bi Hester! Twende?"

Mjomba alikuwa amesimama kando ya benchi, anasikiliza kila neno.

"Siwezi, Bwana Kell. Leo sichezi."

Ambrose akamtazama yeye, akamtazama mjomba, akatazama mikono yake mwenyewe.

"Nimeelewa," akasema. Akaenda.

Hester alimwona akisimama kwenye mstari wa wachezaji na msichana wa gauni la manjano. Saa nzima akawatazama wakizunguka. Kisha akamwona yule msichana akicheka, akielekeza kipepeo chake cha kujipepea kwenye benchi, akisema jambo.

Ambrose akasimama katikati ya dansi. Watu wakamgonga, wakamzunguka, yeye hakusogea. Halafu akakata ukumbi mzima, akaja, akaketi kando ya Hester.

"Ulimkatalia? Sir Lionel? Mbele ya watu wote hawa?"

"Na benchi lenyewe gumu."

"Mimi nilidhani unaona haya kusimama nami."

"Nawe ukakimbilia manjano."

"Nimemkanyaga mara nne, mpenzi. Muulize."

"Hester!" Mjomba alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Inuka hapo! Pauni elfu kumi, msichana! Huyu hana hata farasi!"

Muziki ulikuwa umekwisha. Nyuso zote chini ya ile mishumaa zikawageukia, na Hester akatafuta hofu yake asiione.

"Zichukue, mjomba."

Miaka sita, tangu baba yake Hester afariki, mjomba alikuwa akimtisha kwa pesa zile, kama mtu anayesukuma mlango kwa nguvu zake zote, na sasa mlango umefunguliwa kutoka ndani, akabaki anapepesuka.

"Hester," Ambrose akasema polepole, "napata pauni mia na ishirini kwa mwaka. Paa la nyumba yangu linavuja, na ni mimi niliyelichora. Utakubali kuolewa nami?"

"Nitaleta ndoo."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Ambrose hakucheka. Aliinuka, akarudi nyuma hatua moja, akainama mbele ya Hester, chini kabisa, kama watu wanavyoinama kanisani, na hakuinuka mpaka Hester alipomgusa bega.