Ngamia wa Mahari ya Abshiro

Kila asubuhi Abshiro huuza maziwa ya ngamia katika soko la Wajir. Zamani alikuwa na ngamia wawili wa maziwa, wote wa mahari yake. Kisha mume wake, Kulow, akaoa mke wa pili huko Habaswein, jina lake Ramlo. Akamchukua ngamia mmoja akampelekea. Sasa ni mwaka wa pili. Kulow hajarudi, wala hajatuma hata kilo ya sukari kwa watoto.

Abshiro alishikwa na wivu. Kila gari lililotoka Habaswein, aliwauliza abiria: Ramlo amevaa nini? Amenenepa? Siku moja dereva alimjibu, "Ramlo anauza maziwa sana siku hizi." Siku hiyo Abshiro hakula. Maziwa yale yalikuwa ya ngamia wake!

Aliwaomba wazee wa ukoo wamsaidie apate talaka. Wakamwambia avumilie. Akamwendea Awil, dalali wa mifugo.

"Talaka iko Nairobi," Awil alisema. "Iko wakili kubwa huko. Lete ngamia, mimi nauza, napelekea yeye pesa. Wallahi, huyo Ramlo atalia!"

Maneno ya mwisho yalimfurahisha Abshiro kupita yote. Akamfungua ngamia aliyebaki.

Njiani alikutana na Kananu, mteja wake wa maziwa. Kananu ametoka Meru. Anafanya kazi katika ofisi ya msaada wa kisheria hapo mjini.

"Abshiro, unampeleka wapi huyu?"

"Sokoni. Nalipa wakili."

"Anaitwa nani?"

"Sijui. Awil ndiyo anajua."

"Bei yake ameiandika?"

"Abaayo, dada, hapana."

"Basi usiuze, dada yangu! Wakili wa kweli ana jina, na ana cheti cha uwakili cha mwaka huu. Jina lake tunalitafuta kwenye orodha ya mawakili. Bei mnakubaliana kwanza, kwa maandishi. Lakini ndoa yako ni ya Kiislamu. Kesi yako ni ya Kadhi, na Kadhi yuko hapa Wajir. Unaweza kujisemea mwenyewe. Ofisi yetu itakuandikia ombi bure."

"Na Ramlo? Kadhi atafunga yeye jela?"

Kananu alicheka. "Ramlo hakukuoa. Aliyekuoa ni Kulow. Mdai yeye."

Abshiro alinuna. Lakini alimgeuza ngamia, wakarudi nyumbani.

Siku ya kesi alikwenda kwa Kadhi na sheikh aliyewafungisha ndoa. Kulow naye aliitwa.

"Ngamia ni ya boma yangu," Kulow alidai.

"Mbele yangu ulisema ni mahari ya Abshiro," sheikh alijibu. "Wote wawili."

Kadhi aliivunja ndoa. Aliamuru ngamia arudishwe, na baba atoe matumizi ya watoto kila mwezi. Ngamia alirudi, tena na ndama. Watoto walikunywa maziwa mpaka wakasaza.

Miezi michache baadaye, mwanamke alisimama mbele ya madebe ya maziwa. Alikuwa Ramlo.

"Kulow ameoa mwingine huko Diff," alisema. "Amechukua mbuzi ya mahari yangu, amepelekea huyo."

Abshiro alimtazama juu hadi chini. Bado mrembo! Wivu ulimchoma tena, palepale. Hata hivyo alijaza kikombe, akampa.

"Kunywa haraka," alisema. "Ofisi ya Kananu inafungwa saa kumi na moja. Mimi nakupeleka."